Usiisugue hiyo rili ya zamani kabla hujatuletea

Wadau habari zenu. Kuna jambo linatuuma sana kwenye hii biashara ya vifaa vya uvuvi vya zamani, na linauma zaidi kwa sababu anayepoteza hela ni mteja mwenyewe. Mtu anaikuta rili ya babu stoo, yaani kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, imekua nyeusi na kutu ya kijani pembeni, anaona aibu kuileta ilivyo, basi anakaa nayo jioni nzima anaisugua na stiliwaya mpaka inameta, alafu anakuja nayo mezani kwetu akiwa na furaha kabisa na sisi ndo tunabaki hatujui tuanzie wapi kumwambia.

Iko hivi. Mtu anayekusanya rili za zamani hanunui ya kwenda kuvulia, anataka ibaki vile ilivyotoka kiwandani ikazeeka. Ile rangi ya kahawia kwenye shaba imejijenga miaka na miaka, ukiitoa hairudi, na ukisugua sana hata maandishi ya kiwanda yanafifia, wakati yale maandishi ndo anayoyatafuta. Mzee mmoja wa Msasani alituletea rili ya Hardy, kampuni ya Uingereza, ya shaba tupu, nzuri jamani, kaitunza vizuri miaka yote, ila kijana wake alikua ameipitisha kwenye mashine ya msasa. Jina la Alnwick, mji wa kiwanda cha Hardy, unalisoma kwa kuinamisha taa. Tuliinunua, ila kwa bei ambayo hata mimi iliniuma kuitaja.

Tukiwa tunapanga meza kwenye gulio la vitu vya kale, mnunuzi mzoefu akija wala haulizi bei kwanza. Anaigeuza rili juu chini anaangalia mguu, yaani kile kibati kinachokaa kwenye fimbo. Wavuvi wengi zamani walikua wanakipiga tupa ili kiingie kwenye fimbo nyingine, na mguu uliopigwa tupa unashusha bei hata kama rili yote nyingine ni safi. Alafu anaangalia skrubu, kama vichwa vimeliwa na bisibisi anajua ilishafunguliwa na fundi, na hapo ataanza kuuliza ndani kumewekwa nini. Mwisho anazungusha mpini taratibu anasikiliza mlio. Yote hayo dakika mbili tu, na bei yake kichwani ameshaipata.

Sasa kuhusu bei, hapa ndo tunagombana na watu. Uzee peke yake haulipi. Penn ni kampuni iliyoanzia Philadelphia, Marekani, 1932, rili yao ya Senator ikatoka 1936, na ndo zile rili kubwa za kuvulia nduaro na jodari kule Mafia na mkondo wa Pemba, lakini wameendelea kuzitengeneza miaka mingi sana na sura karibu ile ile, kwa iyo kaka ukiniambia hii Senator ni ya 1936 nitakuomba niione kwanza. Mitchell 300 ya Ufaransa nayo ziliuzwa mamilioni, ya kawaida bila boksi haina hela kubwa hata kama baba aliipenda kuliko gari. Ila boksi lake lipo, karatasi ipo, spuli ya akiba, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi, ipo, hapo tunaongea vingine kabisa. Hata ndoana za Mustad za zamani, zile za Norway, pakiti ambayo haijafunguliwa ina mtu wake, ndoana hizo hizo zikiwa tupu kwenye kopo hazina. Msitupe maboksi jamani.

Kingine ni hali ya hewa yetu hapa Dar. Chumvi iko hewani, na rili ikikaa kwenye mfuko wa ngozi uliofungwa unyevu unabaki humo humo, aluminiamu inatoa unga mweupe na inaanza kulika. Itoe kwenye mfuko, ifute na kitambaa kikavu, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, basi. Na kama ina mshipi wa nailoni uliokazwa, ulegeze au uutoe, maana nailoni iliyovutika inabana spuli kwa nguvu ya ajabu na zile spuli za plastiki za zamani zinapasuka zenyewe kabatini bila mtu kuzigusa.

Vyenye pembe za ndovu au gamba la ng'amba hatununui na hatuuzi, hata kama ni kipande kidogo cha mpini. Baadhi ya Hardy Perfect za mwanzo kabisa, miaka ya 1890, zilikua na mpini wa pembe, na najua ni kitu kizuri, lakini biashara ya pembe ni matatizo kwako na kwetu, kwa iyo usinitumie picha kuulizia bei.

Ukitaka tukuuzie unatuachia kwa maandishi, tunakubaliana bei ya chini kabisa ambayo hatushuki chini yake, na isipouzwa unaichukua ilivyokuja. Ukitaka hela siku hiyo hiyo tunanunua papo hapo ila itakua pungufu, maana hapo hasara yote inakua yetu. Kabla hujapanda daladala na mzigo tutumie kwanza picha WhatsApp, ya mguu, ya maandishi na ya skrubu kwa karibu, pigia nje mchana kwenye kivuli usitumie flashi, na vumbi liache hapo hapo lilipo.