Jumamosi Moja, Bendi Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako, na kwa shemeji, na kwa yule bibi mdogo ambaye naambiwa sasa anapiga sufuria kwa mapigo yanayoeleweka. Damu haipotei. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na najua ukiona mwandiko wangu utasema, "Huyu ana shida." Umepatia. Nina shida. Ila niache niizunguke kidogo kwanza, maana nikiitaja papo hapo utaikunja barua uiweke chini ya kikombe.

Jumamosi ya tarehe 14 nimeahidi bendi mbili. Saa ile ile, kumbi mbili tofauti, na mimi ni mmoja.

Ilikuwa hivi. Dada Mkubwa, yule mwimbaji mwenye bendi yake, alinipigia simu mapema kabisa: tarehe 14 kuna harusi, malipo ya awali yameshatolewa, andika. Nikaandika. Wiki mbili baadaye Kiongozi wa ile bendi nyingine akanitumia ujumbe wa sauti. Unamjua. Dakika sita. Ndani yake mna habari za sare, mna malalamiko kuhusu mpiga tarumbeta, mna kikohozi, na katikati ya kikohozi mna tarehe 14. Mimi saa hiyo napanda ngazi na amplifaya begani. Nikajibu "sawa".

Kwangu ile sawa ilikuwa "nimesikia". Kwake ilikuwa "nimekubali". Kaka, wiki nzima nimekuwa nikiliwaza neno hili. Tuna sawa ya kukubali, sawa ya kuchoka, sawa ya kumnyamazisha mtu ili ukate simu, na ile sawa ya mtu aliyekasirika ambayo ukiisikia unatafuta viatu. Kazi zote hizo tumelitwisha neno la silabi mbili, halafu tunashangaa watu wamefika ukumbini na besi haipo. Kiongozi ameshatoa tangazo. Picha yangu ipo, ile niliyovaa miwani ya jua usiku.

Ulipoondoka nilikuwa na bendi mbili. Sasa ni nne. Usicheke. Kuna ya Kiongozi, kuna ya Dada Mkubwa, kuna wale waimbaji wa injili, na kuna wale watatu wa hotelini tunaopiga taratibu watu wakila bila kutuangalia. Sikuzitafuta zote. Bendi moja ikipata kazi mara mbili kwa mwezi haimlishi mtu. Nne zikipata mara mbili mbili zinamlisha, ila zinamnyima usingizi. Na wala shoo siyo inayochosha, shoo ina malipo. Kinachoniua ni mazoezi. Mazoezi hayalipwi, hayaanzi kwa wakati, na kila bendi inataka yake Jumanne jioni, kana kwamba wiki nzima Mungu aliumba Jumanne peke yake.

Halafu kila moja inajihesabu ndiyo mke wa ndoa na zile nyingine ni vimada. Nikimwambia Kiongozi siwezi Jumanne, ananiuliza, "Uko na wale wako?" Wale wangu! Kwa Dada Mkubwa nako wale wangu ni akina Kiongozi. Sijawahi kufika mahali nikawa wa hapo. Hata picha ya pamoja wanapopiga nasimama pembeni, nimeshagundua, pale ambapo mtu anaweza kukatwa bila picha kuharibika.

Ngoja nikupe kisa, najua unavipenda vya kunidhalilisha. Sauti ya mwimbaji wa Kiongozi imeshuka na umri, kwa hiyo bendi nzima tumelegeza magita nusu sauti. Nikaamua niwe na besi mbili, moja iliyolegezwa na moja ya kawaida, nisiwe nazungusha vifunguo kila siku mpaka nyuzi zife. Akili, si ndiyo? Basi Jumapili moja nimetoka kwa Kiongozi alfajiri, nimelala kwa saa mbili tu, nimebeba mfuko uliokuwa karibu na mlango, huyo kwa waimbaji wa injili. Wimbo wa kwanza uko kwenye ufunguo wa F. Waimbaji wamefumba macho, kinanda kimeingia kwa unyenyekevu, nami nikaibonyeza F yangu kwa nguvu zote.

Ikatoka E.

Kaka, hakuna pepo aliyewahi kuingia mahali pale kwa kelele kama ile. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alifumbua jicho moja tu. Nikasogea kigawe kimoja juu, yaani kile kijichuma kinachofuata shingoni mwa besi, na kuanzia hapo ibada nzima nikapiga kila kitu kigawe kimoja juu, bila kugusa uzi mtupu hata mara moja, jasho linanitoka mpaka kwenye vidole. Baada ya ibada mchungaji akanishika mkono, akasema leo umepiga kwa upako. Nikasema amina. Ningesema nini?

Na ile ya kumalizia wimbo wa bendi hii kwa mwisho wa bendi ile sikusimulii. Wenzangu wamesimama kimya na mimi naendelea peke yangu na kiitikio, moja, mbili... basi, yaishe.

Najua utaniambia habari za Jamerson wako, yule mpiga besi wa Marekani. Kwamba alipiga kwa kidole kimoja, kwamba hakuwa akibadilisha nyuzi mpaka zikatike, na kwamba yeye na wenzake wa Funk Brothers kule Detroit walikuwa mali ya kampuni ya rekodi ya Motown lakini usiku wakitoroka kwenda kurekodi kwa watu wengine. Ulikuwa unanisimulia kama hadithi ya mashujaa. Sasa nimekua, naisikia tofauti. Nasikia watu ambao mlo wa sehemu moja haukuwatosha. Halafu wao walikuwa wakitoroka pamoja, ngoma na besi na kinanda kundi zima, hakuna aliyebaki kuuliza uko na wale wako. Mimi natoroka peke yangu.

Haya. Nimezunguka vya kutosha.

Naomba unipigie deiwaka, yaani unishikie nafasi kwa usiku mmoja, tarehe 14, kwa Dada Mkubwa.

Usiikunje bado! Najua mambo mawili. La kwanza ni wewe na Dada Mkubwa, na mlivyoachana pale kwenye ngazi. Sikuwepo, nimesikia kutoka pande tatu na zote hazifanani, sitaki kuingia. Ninachojua ni kwamba nilipomtajia jina lako alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Bado anapiga?" Hakuuliza kwa ubaya. Wewe ndiye utakayejua aliuliza kwa nini.

La pili ni masikio yako, na hili ndilo lililonifanya niandike rasimu mbili nikazichana. Sijasahau ule mlio unaokuamsha usiku. Sijasahau pia ile hesabu uliyonifundisha ulipotoka kwa daktari: kelele ya desibeli 85 unaruhusiwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Nilipokuwa kijana nilidhani unanitisha. Mwezi uliopita nikapakua programu ya kupimia kwenye simu, nikaiweka pale ninaposimama. Si kipimo cha daktari, najua, lakini sikia. Kwa Kiongozi, karibu na matoazi, inagonga 100. Hiyo ni dakika 15, kaka. Sisi dakika 15 tunakuwa hatujamaliza hata kusalimia wageni, na tunapiga saa nne. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kununua vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuizima. Ulinisihi miaka mingapi? Sawa, umeshinda. (Hiyo ni sawa ya kukubali.)

Kwa Dada Mkubwa haifiki huko. Mpiga dramu wake mpya anatumia vijiti vyembamba na ana adabu. Nimepima mara tatu, inacheza kwenye 91, na mnapiga vipindi viwili vya dakika 45. Piga hesabu mwenyewe. Ukivaa vizibo unabaki na nafasi kubwa, na nitaongea na fundi mitambo akuweke upande wa kinanda, mbali na spika. Ukisema daktari amekataa, basi, sitakuuliza mara ya pili.

Utasema kwa nini nisiende mwenyewe kwa Dada Mkubwa, maana yeye ndiye aliyewahi, na kanuni ni kanuni: aliyeshika tarehe kwanza ndiye mwenye tarehe, hata aje mwingine na gunia la hela. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nakubali, na inaniuma. Lakini nyimbo za Kiongozi hazijaandikwa popote, ziko vichwani mwetu. Mpito wa kwenda kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezeka, unategemea yeye amenyanyua bega gani, na hakuna mtu anayeweza kujifunza mabega kwa wiki tatu. Za Dada Mkubwa ni kopi za nyimbo za watu, nyingi unazijua kabla sijazaliwa, na nimeziandika zote kwa namba za kordi kama ulivyonionyesha, 1, 4, 5, ili ufunguo ukihama usihangaike. Anahamisha funguo sana kulingana na koo lake siku hiyo. Asubuhi A, jioni G. Namba hazijali. Nimemweleza yote haya, kila kitu, pamoja na habari ya sawa. Alinitukana kwanza, kisha akasema akipata mtu wa kuaminika hana neno. Mtu wa kuaminika. Nimekaa nikahesabu wapiga besi wote ninaowajua ambao wangefika mapema, wakiwa wamesikiliza nyimbo, na wasinywe kabla ya kipindi cha pili. Nilifika mmoja.

Malipo ni yako yote. Sichukui hata senti ya usumbufu, na nauli naibeba mimi.

Kuna kitu kingine, nimekihamisha kutoka aya hadi aya kama mwenye kuficha deni. Naogopa utapiga vizuri. Ndiyo. Mtu akikupigia deiwaka unamwombea asiharibu, lakini kuna sehemu ndani yako inaomba asing'ae sana. Nimeona watu wamekwenda kuzika ndugu, wamerudi wamekuta kiti kina mwenyewe. Na hawakufukuzwa! Simu tu haikulia tena. Mimi mwenyewe niliingia kwa Kiongozi kwa njia hiyo hiyo, unakumbuka, ilikuwa usiku mmoja tu, hata sare sikuwa nayo, na yule mwenye nafasi yake sijamwangalia machoni mpaka leo. Tukikutana tunaongelea mpira.

Halafu nikajiuliza: ikitokea Dada Mkubwa akataka ubaki, nitakasirika? Jibu langu la Jumatatu lilikuwa ndiyo. La leo, sijui. Ningebaki na tatu. Ningepata Jumanne yangu. Na wewe ungekuwa umeshika gita tena, jambo ambalo shemeji aliniambia kwenye simu, akisema nisikwambie, kwamba usiku mwingine unaliteremsha ukutani, unalifuta vumbi, unalirudisha. Sasa nimekwambia. Nisamehe kwake.

Basi piga vizuri. Lakini wimbo ule wa kukata keki, ule ambao watu hunipigia makofi, uwe wa kawaida tu. Ninakuomba kama mdogo wako.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa neno moja la silabi mbili. Masikio yanaendeleaje, mlio umepungua au umeuzoea tu? Daktari alisema nini mara ya mwisho? Vidole bado vina sugu au vimekuwa laini kama vya karani? Unayo ile besi ya nyuzi nne au uliiuza kweli, maana nilisikia? Uko tayari kusimama jukwaa moja na Dada Mkubwa dakika 90 na kutabasamu kwenye picha? Unataka nimwambie lolote kabla, au muonane hivyo hivyo? Yule mpiga tumba wetu anakuandikia, au naye alisema "sawa" akapotea? Na bibi mdogo, hilo sufuria analipiga kwa mkono gani?

Shemeji mpe salaam zangu, ila usimwambie kwa nini.

Ni mimi,
mdogo wako wa besi

N.B. Ukikubali, nitakuletea mfuko mwenyewe hadi mlangoni, pamoja na karatasi za namba. Nimeubandika utepe mwekundu ule wenye besi ya kawaida. Hakikisha ni mwekundu. Ukiona wa bluu, ni ile ya upako, nirudishie.