Mizani Tisa

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya magharibi

Shoga yangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Mama anakusalimu, na anauliza ile asali ya Tabora uliyomwahidi imepanda treni gani mpaka leo haijafika.

Umeniuliza igizo letu la nyimbo limefikia wapi. Shoga, nusura life. Mimi na Baba Neema hatukusemeshana wiki mbili, kisa neno moja: barabara.

Unanijua, nimelelewa na watu wa mashairi. Nikishika kalamu, mizani, yaani silabi za mstari, zinakuja zenyewe nane nane. Baba Neema ni mtu wa kwaya na kinanda. Yeye hutunga sauti kwanza, anairekodi kwenye simu, ananitumia: "Haya Mwalimu, tia maneno." Basi nikatia. Ni wimbo wa mvuvi anayepandisha kutoka Kibirizi na ndoo yake ya dagaa, unaanza "Barabara ya Ujiji". Siku ya mazoezi watoto wanaimba, sauti inapanda kwenye ile "ra" ya kwanza. Hebu itamke mwenyewe. Barabara ya magari mkazo wake uko kwenye "ba" ya pili. Ukiuvuta nyuma hadi kwenye "ra", umesema "sawasawa kabisa". Watoto walicheka hadi wakakaa chini, na mvuvi wangu akabaki anatembea kwenye "sawasawa ya Ujiji".

Nikasema sauti ibadilike. Yeye akasema neno libadilike, maana maneno ninayo mengi na sauti yake ni moja. Nikabeba daftari langu nikaondoka.

Kwa hasira nikaanza kupekua habari za wenzetu waliofanya kazi hii kwa kuipokezana. Kuna Mmarekani, Richard Rodgers, mtunzi wa muziki. Alipokuwa na Lorenz Hart, mara nyingi muziki ulitangulia na Hart akauvalisha maneno. Alipoungana na Oscar Hammerstein, utaratibu ukageuka: Hammerstein anahangaika na maneno siku nyingi, Rodgers akiipata karatasi anamaliza upesi. Igizo lao la kwanza, Oklahoma!, lilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1943 likaonyeshwa mara 2,212. Mtu yule yule, wenza wawili, njia mbili! Nikamtumia Baba Neema. Akajibu: "Sawa, mimi Rodgers, wewe Hart." Nikamwambia mimi ni Hammerstein na karatasi yangu iko tayari.

Lakini tayari tulikuwa tunaongea, unaona.

Nikamsimulia pia Gilbert wa maneno na Sullivan wa muziki, watunzi wa maigizo ya nyimbo wa Uingereza, waliokosana mwaka 1890 kwa gharama za ukumbi, hata za kapeti. Kapeti, Mwajuma! Sisi angalau tuligombania neno. (Wale walirudiana baadaye wakatunga maigizo mawili zaidi.)

Kilichotusaidia ni habari za John Kander na Fred Ebb, wale wa maigizo ya nyimbo ya Cabaret na Chicago. Wao walikuwa wanakaa chumba kimoja, wanatunga kwa pamoja. Basi Jumamosi nikaenda kwa Baba Neema. Mkewe anakaanga migebuka kwa mawese, sisi tuko kwenye kinanda. Nikamwimbia neno polepole, kama ninavyomfundisha mtoto kusoma. Akasikiliza, akaongeza noti moja ya chini mwanzoni, na kile kilima cha sauti kikasogea chenyewe mpaka kwenye "ba". Ila sasa noti zimekuwa tisa, mizani zangu ni nane. Akanitazama. Nikatia "ee" mwishoni: "Barabara ya Ujiji ee." Mizani tisa! Marehemu babu angenivua ushungi.

Ikaimbika, shoga. Mkewe aliitikia kutoka jikoni bila kufundishwa.

Wimbo wa mama muuza mawese bado hatujauanza, na safari hii nimemwambia asirekodi chochote mpaka nifike. Wewe nitumie lile daftari langu la methali ulilokopa, nalihitaji. Litie kwenye mzigo wa asali.

Wako,
Mwalimu wa Ujiji