Mwangwi wa baharini usiozee kabatini

Mhariri,

Meli za kutafuta gesi hupiga sauti baharini kwa mizinga ya hewa (vifaa vinavyofyatua hewa iliyobanwa), kisha hunasa mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba. Mwangwi wa maji yenyewe, hafifu mno, ulikuwa ukipuuzwa. Mwaka 2003 mwanasayansi Steven Holbrook na wenzake walionyesha, kwa vipimo vya karibu na Newfoundland, Kanada, kwamba ndani ya mwangwi huo mna picha ya mikondo: maji ya vuguvugu yanapopakana na ya baridi, sauti kidogo hurudi.

Bahari ya Tanzania nayo imepimwa hivyo, kwa ajili ya gesi. Rekodi zipo, gharama imeshalipwa. Wataalamu wetu wa bahari wapewe wazichambue upya, badala ya kupiga sauti nyingine baharini, maana mizinga hiyo huwasumbua nyangumi (na wavuvi pia hulalamika).

Msomaji wako,
Mtwara