YAH: KUKATIWA MATANGAZO USIKU WA FAINALI NA KUDHIHAKIWA OFISINI KWENU

Mwanjelwa, Mbeya
14 Agosti 2024

Meneja wa Tawi,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya vifurushi vya king'amuzi chenu mnayajua nyinyi mlioyaandika, sina haja ya kuwasomea. Naandika kwa heshima, ingawa yangu mimi ilivuliwa kaunta kwenu Jumatatu wiki hii, mchana kweupe.

Nilifika na ujumbe wa malipo kwenye simu. Binti aliyekuwa zamu hakuinua hata macho. Nikamweleza kwamba nililipia kifurushi kikubwa ili vijana ninaowafundisha waone ukumbini kwangu fainali ya mpira wa wavu wa ufukweni ya wanaume, Olimpiki ya Paris, na matangazo yakakatika. Hapo ndipo aliponitazama. Akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: “Mzee, Mbeya na mpira wa ufukweni wapi na wapi? Bahari yenyewe mmeiona?” Foleni nzima ikacheka. Mlinzi naye akacheka.

Basi nakujibu wewe, maana yeye hakunipa nafasi. Mkoa huu una Matema. Shuka Kyela, ukanyage mchanga wa Ziwa Nyasa, halafu uniambie una kasoro gani. Vijana wangu wanafanyia mazoezi kule nauli ikipatikana. Isipopatikana tunatandaza mchanga wa ujenzi hapa hapa mjini. Na huo mji wa Paris, bahari iko wapi? Hawana! Walimwaga mchanga chini ya mnara wa Eiffel, wakazungushia majukwaa, dunia nzima ikaenda kukaa. Mbona hao hamkuwauliza wapi na wapi?

Usiku wenyewe ulikuwa Jumamosi, tarehe 10. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa nane mnaijua, lakini watu walijaa ukumbini na makoti yao. Åhman na Hellvig wa Uswidi, Ehlers na Wickler wa Ujerumani. Tuliwasubiri hasa wale Waswidi. Mchezaji wao anaruka kama anakwenda kupiga, mzuiaji wa upande wa pili naye anaruka, kumbe mpira unapangwa hewani kwa mwenzake. Hilo haliwezi kufundishwa kwa mdomo. Lazima mtu alione. Timu zimeingia, mchezo unaanza, kioo kikawa bluu: “Kifurushi chako kimeisha. Tafadhali lipia.” Kimeisha vipi, nami nililipia mchana wa siku ile ile? Nikapiga huduma kwa wateja: muziki, sauti ya kuniambia nisubiri, muziki tena. Matokeo tulisomewa na kijana mmoja kwenye simu yake, 21–10 na 21–13, dhahabu ya Uswidi, mimi bado nimeshikilia simu nasikiliza kinanda chenu. Kiingilio nikarudisha chote. Wengine hawakuwa wamelipa, lakini mkono walinyoosha.

Narudi pale kaunta, kwa sababu ndipo panaponinyima usingizi. Nilimpa simu asome ule ujumbe wa malipo. Aliirudisha kwa kuisukuma na ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mende. Alikuwa anamenya karanga, na maganda anayaweka juu ya fomu za malalamiko. Fomu za malalamiko, ndugu Meneja! Ndipo akasema maneno yake, “Mbeya na mpira wa ufukweni wapi na wapi,” na nyuma yangu amesimama mmoja wa vijana wangu, yule mrefu anayezuia wavuni. Mwaka mzima namwambia kwamba mchezo huu ni wake pia. Watu walipocheka aliinamisha kichwa, na njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Nilipoanza barua hii nilitaka mnirudishie hela ya kifurushi tu. Sasa haitoshi. Nataka na kiingilio cha usiku ule. Nataka barua ya kuomba radhi yenye mhuri wenu. Na yule binti aombe samahani pale pale kaunta, kwa sauti ile ile, foleni ikiwepo, na kijana wangu nitakuja naye.

Nawapa siku saba. Zikipita kimya, barua hii itafika TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya. King'amuzi chenu nitakirudisha, na sitakirudisha peke yangu: wenye vibanda vya kuonyesha mpira wa Mwanjelwa, Soweto, Kabwe hadi Mbalizi tunafahamiana, na msimu wa mpira ndio huu unaanza. Hesabuni wenyewe.

Mteja wenu, kwa sasa,
Mwenye ukumbi, Mwanjelwa

Nakala: Meneja Mkuu, Makao Makuu, Dar es Salaam