Kazi ni yangu, anayeifanya yuko Dodoma

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Sinza. Miezi minne iliyopita nilipata kazi yangu ya kwanza, uprograma, kwenye kampuni ndogo hapa Dar inayotengeneza mifumo ya mauzo ya maduka na baa. Nyumbani walichinja kuku.

Kwenye usaili niliulizwa kama naijua Laravel, ile zana ya kujengea mifumo kwa lugha ya kompyuta ya PHP, nikajibu naijua. Anti, niliijua kama unavyomjua mtu wa mtaa wa pili: jina, na sura kwa mbali. Chuoni PHP tuliisomea ubaoni, na kwenye maabara kompyuta moja ilikuwa ya watu wanne. Mimi nilikuwa mshika daftari.

Wiki ya kwanza nikapewa malalamiko ya mwenye baa mmoja: bia anazouza baada ya saa sita usiku hazionekani kwenye ripoti ya siku hiyo. Nilihangaika nayo siku mbili. Kila asubuhi tuna kikao kifupi, kila mtu anasema amefikia wapi na amekwama wapi. Mimi nasema, "Naendelea vizuri." Usiku wa pili nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, yuko Dodoma. Hakumaliza hata dakika kumi. Mfumo ulikuwa unafuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo kinachouzwa kuanzia saa sita mpaka saa tisa usiku kinaandikwa mauzo ya jana. Mstari mmoja tu kwenye mipangilio, ukaandikwa Africa/Dar_es_Salaam, basi. Asubuhi nikapongezwa mbele ya wote, na nikapokea.

Tangu hapo karibu kila kazi inakwenda Dodoma. Namtumia elfu kumi, nyingine ishirini. Juzi kaka anayetuongoza alivuta kiti akaniuliza, "Hapa kwa nini umezunguka hivi?" Nikaitazama ile skrini kama naiona mara ya kwanza, maana kweli ilikuwa mara ya kwanza. Nikasema ni mazoea tu.

Jambo pekee nililofanya kwa mkono wangu ni kuandika git push --force, amri inayolazimisha kazi yako ifunike iliyopo kwenye hifadhi ya pamoja, nikafuta kazi ya siku mbili ya mwenzangu. Bahati nzuri ilikuwa bado kwenye kompyuta yake. Yule kaka hakufoka. Alisema tu, "Hiyo kila mtu huifanya mara moja." Maneno hayo yananikosesha usingizi kuliko angenitukana.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita rafiki yangu aliomba data za kujaribia, nami bila kufikiri nikamtumia nakala nzima ya duka moja, yenye majina na namba za simu za wateja wanaodaiwa. Mkataba wangu unakataza wazi kutoa taarifa za wateja. Anasema ameshaifuta, na namwamini, lakini nimeshaitoa. Halafu naye amepata ajira, anaanza tarehe moja na hatakuwa na nafasi tena.

Majaribio yangu ni miezi sita, imebaki miwili. Nimesoma Sheria ya Ajira ya 2004: aliye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya kuachishwa isivyo haki. Na mshahara huu ndio unaolipa ada ya mdogo wangu.

Sasa naamka saa kumi alfajiri, nachukua alichoandika rafiki yangu, nafuta, naandika upya bila kuchungulia. Jana kitufe cha kuchapa risiti kilikubali.

Anti, nimwambie yule kaka sasa, au nijifunze kimyakimya mpaka miezi sita ipite? Na nikisema, niseme kwamba sijui kazi tu, au na ile nakala pia? Kukiri la kwanza naona naweza. La pili, nikilifikiria, mdomo unakauka.

Programa wa jina, Sinza