Kabla Hujatia Saini Nyumba ya Business Bay

Mkomani, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Natumai Malindi nyote wazima, na mguu wa mama umepoa. Habari za kazi ya Dubai zimenifika, hongera sana. Vigelegele tutavipiga ukija Lamu kuaga. Leo nataka tuzungumze nyumba, maana umeniuliza kodi ya Business Bay, mtaa wa Dubai unaoutaka, ni kiasi gani, nami naona swali lenyewe ni jingine: siku ya kutia saini utakuwa na pesa ngapi mkononi?

Kwetu kodi ni mwezi kwa mwezi, na mwenye nyumba ukimkosa leo utamkuta kesho msikitini au barazani. Kule kodi hutajwa kwa mwaka, na mara nyingi hulipwa kwa cheki za tarehe za mbele. Unaziandika zote siku moja, iwe mbili, nne au zaidi, unamkabidhi mwenye nyumba, naye kila moja huipeleka benki tarehe yake ikifika. Cheki zikiwa chache unaweza kupata punguzo. Zikiwa nyingi, wengine hupandisha bei au hukataa kabisa.

Tuseme umepata nyumba ya chumba kimoja kwa dirham 80,000 kwa mwaka, cheki nne. Cheki ya kwanza ni 20,000 na huingia papo hapo. Amana ya mwenye nyumba kwa kawaida ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kama nyumba ni tupu, yaani 4,000. Yenye samani hufika asilimia 10. Dalali naye asilimia 5, na juu ya ujira wake kuna VAT, jumla 4,200. Shirika la umeme na maji, ambalo kila mtu huliita DEWA, hushika amana ya 2,000 kwa fleti. Hapo ushafika 30,200, na hujanunua hata godoro, hujalipia usajili wa mkataba wala amana ya kampuni ya ubaridi wa nyumba, nitakayokueleza mbele. Dirham moja ni kama shilingi 35 zetu. Ni milioni na ushee, shoga, na mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana nakwambia ulizungumze hili na mwajiri sasa, kabla hujatia saini ya kazi. Posho ya nyumba iliyomo kwenye mshahara wako, omba ulipwe kwa mkupuo mwanzoni mwa mwaka, au ukopeshwe kisha ukatwe kidogo kidogo. Wako waajiri wanaokubali, ila asiyeuliza hapewi. Uliza pia mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, kwa sababu kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Gharama za viza ya kazi nazo kisheria ni za mwajiri; akitaka kukukata hizo, jiulize mengine atakukata nini.

Hata ukiwa na pesa, nyumba ya mkataba wa mwaka huwezi kuipata wiki ya kwanza, maana mambo ya kule yana mpangilio wake na moja hulifungua jingine. Kwanza kipimo cha afya, damu na picha ya kifua, na alama za vidole. Halafu kitambulisho cha Imarati. Bila kitambulisho benki haikupi akaunti ya kawaida, bila akaunti huna daftari la cheki, na bila cheki wenye nyumba wengi hawakusikizi. Mkataba ukishatiwa saini husajiliwa Ejari, yaani rejista ya serikali ya mikataba ya kupanga, na nambari ya Ejari ndiyo DEWA wanayoitaka ili wakufungulie umeme. Wanaokwama wengi ni wale waliotoa ilani ya kuhama chumba cha muda wakidhani funguo na umeme huja siku moja.

Kwa hivyo miezi miwili ya kwanza kaa kwenye fleti yenye samani inayolipwa kwa mwezi, yenye leseni ya kupangisha wageni. Bei yake kwa mwezi ni ya juu, lakini mara nyingi bili zimo ndani na hakuna cheki. Au panga chumba Deira, upande wa Al Rigga. Reli nyekundu ya metro inakutoa pale hadi kituo cha Financial Centre au Business Bay bila kubadilisha treni, kwa kadi ya Nol nauli ni kati ya dirham 3 na 7 na nusu kwa safari, na kuna behewa la wanawake na watoto. Usikubali tu kijichumba kilichokatwa kwa mbao ndani ya sebule ya watu. Hivyo ni haramu kisheria, manispaa hupita kuvivunja, na wewe ndiwe utakayebaki nje na sanduku lako. Popote utakapolala, hakikisha jina lako limesajiliwa kama mkaazi.

Ukifika wakati wa kutafuta nyumba yako Business Bay, usiitazame asubuhi. Nenda saa nane mchana, ushuke kituo cha metro, utembee kwa miguu hadi mlangoni. Kituo kiko pembezoni, kando ya Sheikh Zayed Road, na mtaa wenyewe umesambaa kutoka hapo hadi kandokando ya mfereji wa maji. Kwenye ramani utaona kidole kimoja. Mwezi wa Agosti kidole hicho ni safari. Wengi hulipia ghorofa "karibu na metro" kisha wakapanda teksi kila siku, na faida ya kukaa karibu na kazi ikaisha. Chungulia na dirishani: uwanja mtupu ulio mbele yako huenda mwakani ukawa mashine za kupiga nguzo.

Sasa ubaridi, ambao ndio huwachanganya wageni kuliko yote. Majengo mengi ya pale hayana viyoyozi vyao. Maji baridi hutoka kwenye mtambo mmoja wa mtaa mzima, na kampuni yake ina bili yake mbali na DEWA. Bili hiyo ina sehemu mbili: uliyotumia, na tozo ya kudumu inayohesabiwa kwa ukubwa wa mfumo wa nyumba yako, ambayo huja hata ukiwa likizo Malindi mwezi mzima. Uliza ni nani anayelipa hiyo ya kudumu, na jibu liandikwe mkatabani. Tangazo likisema ubaridi ni bure, uliza tena: ni bure kwa sababu mwenye nyumba analipa, au kwa sababu kiyoyozi kinakula umeme wa mita yako? Haya mawili yote hutangazwa kwa neno lilo hilo. Na ukisafiri usikizime, kiache kwenye nyuzi 24 au 25. Nyumba zetu za mawe na chokaa zinapumua. Ghorofa za vioo hazipumui, na unyevu wa kiangazi ukifungiwa ndani utarudi ukute nguo na godoro vimeota kuvu.

Kwenye bili ya DEWA utaona mstari wa ada ya nyumba. Hilo si kosa. Ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka, hugawanywa kwa miezi kumi na miwili. Kwa mfano wetu wa 80,000 ni dirham 333 kila mwezi. Itie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kabla ya kuandika cheki, omba hatimiliki na nakala ya pasipoti ya mwenye nyumba, majina yalingane, na cheki iandikwe kwa jina hilo hilo, si la dalali. Dalali naye ana kadi yenye nambari, na unaweza kuithibitisha kwenye programu ya idara ya ardhi iitwayo Dubai REST. Anayetaka taslimu "akushikie nyumba" kabla hujaona karatasi, muage. Cheki ikirudi kwa kukosa pesa, tangu 2022 kwa kawaida si jinai kama zamani, lakini aliyepewa cheki anaweza kwenda moja kwa moja kuomba mahakama itekeleze malipo. Weka pesa akaunti siku tatu kabla.

Kuna kifungu kimoja usikubali kikosekane: cha kuvunja mkataba. Sheria haikupi haki ya kuondoka katikati ya mwaka kwa kuwa kazi imekwisha. Andikeni kwamba ukitoa ilani ya miezi miwili na kulipa fidia fulani, kodi ya miezi miwili ndiyo iliyozoeleka, cheki zilizobaki utarudishiwa. Kupandisha kodi, mwenye nyumba naye ana mipaka: mabadiliko yoyote akuarifu siku 90 kabla ya mkataba kwisha, na kiwango hufuata faharasa ya serikali ya kodi za nyumba, kuanzia sifuri hadi asilimia 20. Akitaka kukutoa ili auze au akae mwenyewe, ni ilani ya miezi 12 kupitia mthibitishaji wa serikali au barua ya rejista. Ujumbe wa WhatsApp haumtoi mtu.

Vyombo vya umeme chukua hivi hivi. Plagi ni ya miguu mitatu kama yetu. Mbuzi ya nazi pia chukua. Samaki usinunue kwenye duka la chini ya ghorofa, nenda Deira, Waterfront Market: nguru wanamwita kanad, changu ni sheri, na tasi wetu ni safi. Kuparuliwa na kukatwa kuna meza yake mbali, na malipo yake mbali.

Ukiletewa mkataba, nipigie picha kurasa zote, na hasa ile nyongeza wanayoiambatisha nyuma. Mkataba wa mbele ni fomu ya serikali, karibu sawa kwa kila mtu. Masharti ya kupaka rangi, ya ubaridi na ya kuvunja mkataba huwa nyuma. Zitume jioni, ninyi wa Dubai mko mbele yetu kwa saa moja, nitakuwa bado macho.

Msalimie mama, na watoto wa dada yako.

Wako,
Mwanaisha