Mhariri, bakteria haelei ovyo

Ndugu Mhariri,

Mi ni mwalimu wa baolojia huku Mtwara, naishi Shangani, gazeti lenu nalisoma mpaka matangazo. Ile makala ya kipindupindu ilikuwa nzuri sana upande wa kuchemsha maji na kunawa mikono, hapo sina neno, ila mmeandika kwamba bakteria wanaelea tu ovyo majini. Hapana jamani. Hilo ndo nahangaika kuwatoa wanafunzi vichwani, maana kwenye madaftari yao bakteria ni kidonge chenye mkia, basi.

Bakteria ananusa. Chukua E. coli, yule wa tumboni, urefu wake maikromita 2 hivi, yaani elfu mbili za milimita, lakini kwenye utando wake ana maelfu ya protini za kupokea habari za nje, zinaitwa kemoresepta. Kuna inayoitwa Tar inayoshika aspateti, kuna Tsr ya serini (hizo ni asidi amino, vipande vinavyojenga protini), nyingine zinafuatilia sukari. Na hazikai moja moja, hapo ndo utamu ulipo. Mbili zinashikana zinakuwa jozi, jozi tatu zinakutana ncha kwa ncha mle ndani ya seli, afu mafungu hayo yanaungwa na protini zingine, CheA na CheW, mpaka linatokea sega kama la nyuki, pembe sita pembe sita, toka katikati ya tundu moja mpaka la jirani ni nanomita 12 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Mwaka 1993 watafiti Janine Maddock na Lucy Shapiro walionyesha kwamba zinarundikana kwenye ncha za seli.

Kwa nini zikusanyike? Mmeshaona watu wanavuta juya pale ufukweni, samaki akigonga upande mmoja kamba inawaambia wote. Hivo hivo kemoresepta moja ikiguswa na chakula jirani zake nazo zinabadilika, ndo maana bakteria anasikia hata tofauti ndogo mno. Chakula kikiongezeka CheA inatulia, mikia inazunguka kinyume cha saa na yeye anasonga mbele, kikipungua CheA inaamka, mikia inageuza, anabiringika anatafuta njia nyingine.

Na haya hayakujulikana kwa kupasua seli tu, maana ukiipasua mengi yanavurugika. Mwaka 2002 watafiti Victor Sourjik na Howard Berg walizipachika protini mbili za njia hiyo ya habari, toka kemoresepta mpaka kwenye mikia, rangi zinazong'aa ndani ya seli hai, zikikaribiana chini ya nanomita 10 moja inampa mwenzie mwanga, unapima mazungumzo yao yakiendelea. Rangi zenyewe asili yake ni konyeza wa Pasifiki! Nilipowaambia Kidato cha Tatu, watoto wa wavuvi hawa ambao konyeza wanamjua kwa kuwashwa, darasa zima lilinyamaza.

Sasa huyo wa kipindupindu mliyesema anaelea, mlinganisheni na E. coli: E. coli ana aina 5 za kemoresepta, huyu wa kipindupindu jeni zake zina za aina zaidi ya 40, na anaogelea kwa mkia wake mmoja.

Naomba mrekebishe ile sentensi, na mkipata nafasi mchapishe mchoro wa lile sega, mkubwa, kwa Kiswahili. Sisi huku projekta hatuna, nitaukata niubandike ukutani.

Mwalimu wa baolojia,
Shangani, Mtwara